Yai Lililokataliwa kwa Miaka 85: Uchambuzi wa Kisa cha Kinyamadege

Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa viumbe katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, alichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu mnyama mwenye manyoya mazito na laini, mkia mpana uliobapa, miguu yenye utando baina ya vidole, na mdomo wa bata. Mwaka 1884 mtafiti kijana kutoka Cambridge, William Hay Caldwell, alituma telegramu ya maneno manne kutoka Queensland kueleza kwamba mnyama huyo na jamaa yake hutaga mayai. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 85 ya mabishano yaliyowahusisha baadhi ya mabingwa wakubwa wa anatomia wa Ulaya, na kipindi hicho ndicho kisa kinachochambuliwa hapa. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: je, kinyamadege huzaa au hutaga? Mwenyeji mmoja wa Australia alikuwa amekwisha kulijibu miaka 62 kabla ya telegramu ile, na kwa hiyo kinachohitaji kuelezwa si jibu lenyewe tu, bali pia sababu ya jibu hilo kukosa wa kulipokea kwa muda mrefu hivyo.

Kinyamadege, ambaye wengine humwita platipasi, huishi katika mito, vijito na maziwa ya mashariki mwa Australia, kuanzia Queensland upande wa kaskazini hadi kisiwa cha Tasmania. Mwezi Novemba mwaka 1797, Gavana John Hunter wa koloni la New South Wales alimtazama mwenyeji mmoja akimvizia mnyama huyu katika ziwa dogo karibu na Mto Hawkesbury na kumchoma kwa mkuki. Hunter alipeleka ngozi na mchoro Uingereza, na huko ngozi iliyokauka ilizua shaka kwamba huenda fundi mjanja ameshona mdomo wa ndege kwenye kiwiliwili cha mnyama mwingine. Shaw mwenyewe hakuficha shaka hiyo katika maandishi yake. Shaka ya namna hii ni ya haki kabisa, na iliondoka mara tu vielelezo zaidi vilipofika vikiwa vimehifadhiwa ndani ya spiriti. Ugumu wa kweli ulianza pale mwili ulipopasuliwa.

Mpasuaji alikuwa Everard Home, daktari wa London, na matokeo yake yalitoka mwaka 1802. Alikuta kwamba mkojo, kinyesi na mazao ya uzazi hupita katika tundu moja, jambo la kawaida kwa ndege na reptilia lakini geni kwa mamalia waliojulikana wakati huo. Alikuta pia kwamba njia za uzazi za jike hazikufanana na mji wa mimba wa mamalia, na hakuona chuchu popote. Alidhani kwamba mnyama huyu hufanya kama mijusi fulani ambao yai lao huanguliwa ndani ya tumbo la mama. Mwaka uliofuata Étienne Geoffroy Saint-Hilaire wa Paris alimweka kinyamadege pamoja na ekidna, mnyama wa miiba wa huko huko Australia, katika kundi aliloliita Monotremata kwa ajili ya tundu hilo moja. Mwaka 1809 Jean-Baptiste Lamarck alikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa hakuna matiti yaliyoonekana, alisema, hawa si mamalia. Kwa kuwa hawana mabawa na mapafu yao si ya ndege, si ndege. Na kwa kuwa moyo wao haufanani na wa reptilia, si reptilia. Aliwaundia ngeli yao wenyewe.

Hoja ya Lamarck inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu mzizi wa mgogoro wote umo ndani yake. Alichukua sifa mbili, maziwa na mayai, akazifanya kuwa pande mbili za mizani moja: penye kimoja kingine hakiwezi kuwapo. Hakuna aliyekuwa amelithibitisha hilo. Lilikuwa limekubaliwa kwa sababu kila mnyama mwenye maziwa aliyewahi kuchunguzwa Ulaya alikuwa akizaa, na kila mnyama aliyekuwa akitaga hakuwa na maziwa. Kuanzia hapo yeyote aliyetaka kuthibitisha jambo moja alijiona analazimika kulikanusha la pili.

Mwaka 1824 Mjerumani Johann Friedrich Meckel alitangaza kuwa ameona tezi za maziwa katika kinyamadege jike, na miaka miwili baadaye akatoa maelezo kamili pamoja na michoro. Zilikuwa tezi kubwa chini ya ngozi ya tumbo, ambazo hutoa majimaji yake kupitia vitundu vidogo vilivyojificha ndani ya manyoya bila chuchu. Kwa Geoffroy, aliyeamini kwamba mnyama huyu hutaga, habari hii ilikuwa pigo, na aliikataa: tezi hizo, alidai, ni za kutoa harufu au mafuta, kama zile zilizo ubavuni mwa virukanjia wa Ulaya, wanyama wadogo walao wadudu, wala mtoto mwenye mdomo mgumu wa bata hawezi kunyonya. Meckel alikuwa mtulivu zaidi kuliko wote. Aliandika kwamba kuwapo kwa maziwa hakumzuii mnyama kutaga, kwa kuwa tofauti baina ya kuzaa mtoto na kutoa yai ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kauli bora katika mgogoro mzima, nayo ilipita bila kusababisha badiliko lolote la maana. Pande zote mbili zilitumia michoro yake na kuiacha fikra yake.

Katika miaka hiyo hiyo ushahidi wa moja kwa moja ulikuwa umekwisha kutolewa Australia. Patrick Hill, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, alieleza katika barua ya mwaka 1822 kwa Jumuiya ya Linnaeus ya London kwamba mwenyeji aliyeitwa Cookoogong, aliyetajwa kuwa mkuu wa watu wa Boorah-Boorah, alimwambia kuwa kwa watu wake ni jambo linalojulikana vizuri kwamba mnyama huyu hutaga mayai mawili, yenye ukubwa, umbo na rangi ya yai la kuku. Idadi aliyoitaja ni sahihi, kwa kuwa kwa kawaida jike hutaga mayai mawili, ingawa anaweza kutaga moja au matatu. Ukubwa haukuwa sahihi, maana yai la kinyamadege lina urefu wa takribani milimita 17 tu na ganda lake ni laini kama ngozi. Hatuwezi kujua leo kama kosa la ukubwa lilikuwa la msemaji, la mkalimani, au la mwandishi wa barua, lakini ni haki kusema kwamba msomaji wa London aliyekuwa na mashaka alipata hapo kisingizio cha kuyaacha maelezo yote.

Luteni Lauderdale Maule, ambaye barua yake ilisomwa mbele ya Jumuiya ya Zoolojia ya London mwaka 1832, alikuwa na jambo la uzito mkubwa zaidi. Alikuwa amefukua mashimo ya wanyama hawa kando ya mto huko New South Wales, akamkamata jike pamoja na watoto wake, na jike alipokufa na kuchunwa, maziwa yalionekana yakichuruzika kupitia manyoya ya tumbo. Katika barua hiyo hiyo alieleza kwamba ndani ya viota alikuta vipande vilivyofanana na maganda ya mayai. Mtu mmoja, mahali pamoja, katika uchunguzi mmoja, alikuwa ameshika nusu zote mbili za jibu. London ilipokea maziwa na kuyaacha maganda.

Aliyeyapokea maziwa alikuwa Richard Owen, aliyekuwa bado kijana na ambaye baadaye alikuja kuwa mwanaanatomia mwenye sauti kubwa kuliko wote nchini Uingereza. Mwaka huo huo wa 1832 alichapisha utafiti wa kupendeza. Alilinganisha majike watano na kuonyesha kwamba tezi zilizobishaniwa hukua na kusinyaa kwa kufuata hali ya ovari, jambo lisiloweza kuelezwa na tezi za harufu zisizohusiana na uzazi. Hoja ya Geoffroy ilianguka, na ilistahili kuanguka. Lakini pamoja nayo ilianguka pia rai yake ya kutaga, ambayo ilikuwa sahihi. Geoffroy alikuwa amejidhuru mwenyewe hapo kabla, kwa kuwa mwaka 1829 alitoa maelezo ya mayai manne yaliyodaiwa kuwa ya kinyamadege, ambayo baadaye yalihesabiwa kuwa huenda ni ya kobe wa maji. Owen alishikilia kwamba yai huanguliwa ndani ya tumbo la mama na mtoto huzaliwa hai, na alidumu na rai hiyo kwa takribani nusu karne.

Rafiki yake George Bennett alikwenda kwenye mito ya New South Wales kutafuta uhakika. Alifukua mashimo, akafuga watoto wa kinyamadege, akaandika maelezo ya mwenendo wao ambayo mpaka leo yanafaa kusomwa kwa jinsi yalivyo sahihi. Aliwauliza wenyeji pia, nao wakampa majibu yasiyolingana. Wengine walisema hutaga, wengine wakasema huzaa. Bennett alichagua jibu lililolingana na rai ya Owen. Ni vigumu kumlaumu sana, lakini mahojiano yenyewe yalikuwa na kasoro: mgeni aliyekuja na swali lenye majibu mawili tu, akilirudia kwa watu mbalimbali kwa lugha ya kubahatisha, hawezi kutofautisha anayejua na anayetaka kumridhisha.

Kuna sababu za kimaumbile zilizofanya yai hili liwe gumu kuonekana, na bila kuzieleza mtu atawahukumu watafiti hao kwa ukali kupita kiasi. Ovari ya kushoto peke yake ndiyo hufanya kazi. Yai hukaa ndani ya mwili kwa takribani wiki tatu, likinyonya virutubishi na kukua, na hupata ganda lake kamili mwishoni. Likitagwa huatamiwa kwa siku kumi hivi tu, ndani ya shimo refu ambalo jike huziba kwa udongo mahali kadhaa nyuma yake, naye hulala amejikunja akiyabana mayai kati ya mkia na tumbo. Mtoto anayetoka ana urefu usiozidi milimita 18, ni kipofu, hana manyoya, na hukaa humo shimoni kwa miezi mitatu hadi minne akiramba maziwa yanayotoka juu ya ngozi ya mama. Aidha, majira ya kuzaliana hutofautiana. Kaskazini huko Queensland huanza mwezi Agosti, na kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo yanavyochelewa. Mwindaji anayepiga risasi majini kwa nasibu huwapata majike wasio na yai, au wenye yai changa lisilo na ganda, na hilo la pili ndilo Owen alilokuwa akiliona mezani pake. Mwanaanatomia anayeona yai laini ndani ya mji wa mimba, na tezi za maziwa nje yake, ana sababu ya kudhani kwamba yai hilo litaanguliwa humo humo.

Udhaifu wa Owen ulionekana mwaka 1864. Daktari John Nicholson wa Wood's Point, katika koloni la Victoria, alimwandikia kwamba mtu wa huko alimkamata kinyamadege jike, akamweka ndani ya sanduku, na asubuhi yake yakakutwa mayai mawili meupe, laini, yasiyo na ganda gumu. Mayai hayo hayakumfikia Owen. Aliichapisha barua, jambo la uaminifu, lakini akafasiri kwamba mnyama aliharibu mimba kwa hofu ya kukamatwa. Tafsiri hiyo haiwezi kupingwa kwa maneno, na ubaya wake umo humo. Kama yai likiwa tumboni ni ushahidi wa kuzaa, na yai likiwa sandukuni ni mimba iliyoharibika, basi hakuna yai lolote ambalo lingeweza kumbadilisha mawazo isipokuwa aliloliona mtafiti mwenyewe likitoka.

Hilo ndilo Caldwell alilolitafuta. Alifika Australia mwezi Septemba mwaka 1883 akiwa na fedha za utafiti kutoka Cambridge na msaada wa Jumuiya ya Kifalme ya London, na mwaka uliofuata akapiga kambi kando ya Mto Burnett huko Queensland. Aliwaajiri wenyeji wengi kumtafutia wanyama. Katika wiki ya tatu ya Agosti mwaka 1884 walimletea yai la ekidna likiwa ndani ya mfuko wa mama yake. Katika wiki iliyofuata alimpiga risasi kinyamadege jike aliyekuwa amekwisha kutaga yai la kwanza, huku la pili likiwa bado mlangoni mwa mji wa mimba. Kiinitete kilichokuwa ndani ya yai hilo kilikuwa kimefikia hatua sawa na ya kifaranga cha kuku cha saa 36. Hapakuwa tena na nafasi ya kudai kwamba mimba imeharibika, kwa kuwa yai lilikamatwa njiani, katika wakati wake, pamoja na mwenzake aliyetangulia.

Telegramu iliandikwa tarehe 29 Agosti, ikapitia kwa profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Sydney hadi Montreal, mahali ambapo wanasayansi wa Uingereza walikuwa wakikutana, ikasomwa tarehe 2 Septemba. Maneno mawili ya kwanza yalisema kwamba Monotremata hutaga mayai. Mawili ya mwisho, ambayo hutajwa mara chache zaidi ingawa kwa wataalamu wa kiinitete yalikuwa na uzito mkubwa, yalisema kwamba yai hilo hugawanyika kwa sehemu tu, yaani kiini chake kikubwa hakigawanyiki pamoja na chembe zinazofanya mtoto. Hivyo ndivyo yai la ndege na reptilia linavyokua. Siku ile ile, bila kuwa na habari za Caldwell, Wilhelm Haacke alikuwa Adelaide akiwaonyesha wanasayansi wenzake mabaki ya ganda la yai aliyoyatoa katika mfuko wa ekidna. Owen alikuwa na umri wa miaka 80.

Namna ushahidi huu ulivyopatikana haifai kufichwa. Ekidna zaidi ya elfu moja walikusanywa katika kazi hiyo. Caldwell mwenyewe aliandika kwamba aliwalipa wenyeji nusu-krauni kwa kila ekidna jike, na kwamba alipandisha bei ya unga, chai na sukari aliyowauzia kadiri wanyama walivyoongezeka, ili malipo yao yatoshe chakula tu na njaa iwarudishe kazini. Aliyaandika hayo bila haya katika ripoti ya kisayansi. Watu ambao maarifa yao juu ya mnyama huyu yalipuuzwa mwaka 1822 waligeuzwa miaka 62 baadaye kuwa vibarua wa kuyathibitisha, na majina yao hayamo katika ripoti, tofauti na Cookoogong ambaye Hill alimtaja kwa jina.

Mambo mengine ya mnyama huyu yalipita njia inayofanana na hii. Dume ana kipi, yaani mwiba mgumu kama wa jogoo, kwenye kila kifundo cha mguu wa nyuma, kilichounganishwa na tezi ya sumu ambayo huongeza kazi yake katika majira ya kuzaliana. John Jamison alieleza madhara yake kwa mtu aliyechomwa katika barua iliyofika London miaka michache kabla ya ile ya Hill, lakini waliofuata walibishana kama kweli ni sumu, na majaribio ya kuithibitisha yalifanywa Sydney na Charles Martin na Frank Tidswell na kuchapishwa mwaka 1895. Uwezo wake wa kuwinda chini ya maji macho, masikio na pua vikiwa vimefungwa ulijulikana kwa kila aliyemfuga, lakini ni mwaka 1986 tu ilipoonyeshwa kwamba mdomo wake una vipokezi vinavyohisi umeme hafifu unaotolewa na misuli ya kamba wadogo na wadudu wa majini. Tofauti ni kwamba katika jambo hili la mwisho hapakuwa na aliyekuwa ameliwaza mapema, kwa hiyo kuchelewa kwake hakuna wa kulaumiwa.

Swali la maziwa na mayai lilirudi kwa sura mpya mwaka 2008, jenomu ya kinyamadege, yaani jumla ya jeni na maelekezo yake yote ya urithi, ilipochapishwa kutoka kwa jike mmoja wa New South Wales. Ndani yake zimo jeni za kasini, protini kuu ya maziwa, kama zilivyo kwa ng'ombe na binadamu. Imo pia jeni moja inayofanya kazi ya kutengeneza protini ya kiini cha yai, wakati kuku anazo tatu na mamalia wanaozaa wamebakiwa na masalia yaliyoharibika. Maana yake ni kwamba maziwa yalitangulia, na kutaga kukaendelea kwa muda mrefu bega kwa bega nayo kabla ya kuachwa na wazee wa mamalia wengine. Maziwa yaliyoanza kumsaidia mtoto aliyetoka yaini yalipunguza haja ya yai lenye kiini kikubwa, na ndiyo maana yai la kinyamadege ni dogo na mtoto wake hutoka akiwa hajakomaa.

Shaw na Home hawakuwa na njia ya kuyajua haya, wala Geoffroy na Owen. Meckel naye hakuwa nayo. Tofauti yake ni kwamba alipokuta tezi za maziwa mbele yake alisema alichokiona, akakataa kuongeza hukumu juu ya yai ambalo hajaliona, na kwa kuwa alifariki mwaka 1833 hakuwapo kuitetea kauli hiyo wakati barua ya Wood's Point ilipofika London.